Sukari Inayoliwa Ndani ya Kichupa

Msomaji ameuliza: baba yake alipolazwa, muuguzi alimtoboa kidole na mashine ikasoma 9.8. Damu iliyotolewa mkononi wakati uleule ikaenda maabara, majibu yakarudi 7.6. Ashike lipi?

Kwanza aulize damu ya maabara ilikaa muda gani kabla ya kupimwa.

Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria. Nishati yake huipata kwa kuvunja sukari tu, na hata ndani ya kichupa huendelea kula. Katika joto la kawaida la chumba, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtu aliyeamka na 7.3 bila kula amevuka mstari wa kisukari, ambao ni 7.0. Damu yake ikisubiri saa 1 mezani, majibu yatamwambia hajauvuka.

Ndiyo maana kuna kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye floraidi. Wengi huamini floraidi husimamisha ulaji huo papo hapo. Sivyo. Sukari huvunjwa kwa hatua 10, kila hatua na kimeng'enya chake, na floraidi huziba hatua ya 9, ya enolesi. Fikiria barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Lori likipinduka Mikese na kuziba njia, Ubungo hawana habari. Mabasi yanazidi kutoka, foleni inarudi nyuma hadi Chalinze, Mlandizi, Kibaha. Ikigusa Ubungo ndipo hakuna gari linaloingia tena. Kila basi lililokwisha kuingia ni sukari iliyopotea kwenye kipimo. Foleni hiyo huweza kuchukua saa 1 hadi 4 kujaa. Asidi ya sitriki ikiwekwa kwenye kichupa hufunga Ubungo penyewe: huzuia heksokinesi, kimeng'enya cha hatua ya kwanza, na sukari ikabaki ilivyo.

Damu ya kidole haisubiri. Ila baada ya chakula huwa na sukari zaidi kuliko ya vena, na kidole kilichomenya embe bila kunawa hudanganya. Upungufu wa damu hupandisha majibu ya mashine nyingi. Mahututi aliyeshuka presha apimwe damu ya ateri au vena.

Hospitali ziandike kwenye karatasi ya majibu saa ya kutoa damu na saa ya kuipima. Nawe msomaji, usipoziona, ziulize kabla dozi haijabadilishwa.