Utitiri wa sarafu za kumbukumbu unavyoigusa Kilwa

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

MWAKA 1966, Mtanzania aliyetaka kuwa na seti kamili ya sarafu mpya za nchi yake alihitaji vipande vinne tu. Kulikuwa na senti tano yenye samaki sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Thamani ya vyote kwa pamoja haikufika shilingi mbili.

Leo hii mtu mwenye mapenzi hayo hayo, akijaribu kupata kila sarafu inayotolewa duniani kwa jina la nchi za Afrika, anaweza kuuza shamba na bado asifike nusu ya safari. Sarafu za kumbukumbu zimekuwa utitiri. Hutoka kila mwaka, tena kwa sura nyingi: ya kawaida, iliyong'arishwa kama kioo, iliyopakwa rangi, iliyofunikwa dhahabu juu, na hata iliyopachikwa jiwe. Wakusanyaji wa zamani wanalalamika kwamba burudani yao imegeuzwa kuwa ankara.

Kwa msomaji wa Kilwa au Lindi, malalamiko hayo yanaweza kuonekana kuwa ni shida za watu wenye nafasi huko ng'ambo. Hata hivyo, jambo hili lina mkondo unaofika hadi katika fukwe za wilaya ya Kilwa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza ni vyema kueleza sarafu ya kumbukumbu ni kitu gani. Ni sarafu inayotolewa kwa idhini ya serikali au benki kuu ili kuadhimisha tukio, mtu au jambo fulani. Ziko za namna mbili. Ya kwanza huingia sokoni kama fedha nyingine, mtu akapewa chenji dukani bila kujua kwamba ameshika kumbukumbu. Shilingi tano ya mwaka 1971, iliyoadhimisha miaka 10 ya Uhuru, ilikuwa ya namna hiyo. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003 kwa sarafu ya shilingi 40 ya kutimiza miaka 40 ya uhuru, na Uganda mwaka 2012 kwa sarafu ya shilingi 1,000 katika maadhimisho ya miaka 50.

Namna ya pili haikukusudiwa kununua kitu chochote. Hutengenezwa kwa madini ya fedha au dhahabu, huwekwa katika kisanduku chenye kitambaa laini pamoja na cheti, na huuzwa kwa bei iliyo juu ya thamani iliyoandikwa juu yake. Katika maadhimisho ya miaka 50 ya Uhuru mwaka 2011, Tanzania ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi 50,000. Noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya shilingi 10,000. Sijui muuza samaki gani wa Kilwa Masoko angekubali kuirudishia chenji.

Kutoa sarafu ya aina hiyo mara moja moja si kosa. Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki katika mpango wa kimataifa wa sarafu za hifadhi ya wanyamapori. Ilitoa sarafu tatu: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Mpango ulikuwa na lengo linaloeleweka, wanyama walikuwa wa hapa, na sarafu zilikuwa chache. Wakusanyaji bado wanazipenda.

Tatizo lilianza pale jina la nchi lilipogeuka kuwa bidhaa. Kampuni ya biashara huomba idhini ya serikali, hulipa ada, kisha hutengeneza sarafu Ulaya na kuziuza Ulaya, Marekani na Asia. Wananchi wa nchi ambayo nembo yake imechorwa juu ya sarafu hiyo hawaioni kamwe.

Mfano wa karibu ni Somalia. Mwaka 2004, wakati nchi hiyo haikuwa na serikali kuu inayoutawala mji mkuu wake, zilitolewa kwa jina lake sarafu zenye umbo la magitaa. Thamani iliyoandikwa juu yake haikuwa shilingi ya Kisomali bali dola. Mwaka huo huo sarafu ya fedha yenye picha ya tembo, ambayo tangu 1999 ilikuwa ikitolewa kwa jina la Zambia, ilihamia kwa jina la Somalia. Kiwanda kilibaki kile kile cha jimbo la Bavaria, Ujerumani. Tembo alibadilishiwa bendera tu.

Rwanda nayo, kuanzia mwaka 2008, imekuwa na mfululizo wa sarafu za aunsi moja ya fedha ulioanza na sokwe wa milimani, na kila mwaka mnyama hubadilishwa. Mwaka 2017 ukaongezwa mfululizo wa merikebu mashuhuri, wa kwanza wake ukiwa merikebu ya Columbus. Rwanda haina bahari.

Mkusanyaji huumia kwa njia ambayo si rahisi kuielewa kwa mtu asiye na mapenzi hayo. Furaha yake iko katika ukamilifu: albamu yenye matundu, na kila tundu lipate sarafu yake. Mtoaji wa sarafu anaijua tabia hiyo. Akiongeza tundu jipya kila mwezi, mkusanyaji hulazimika ama kulipa au kubaki na pengo. Anapofika wakati wa kuuza, wanunuzi mara nyingi humpa bei ya madini tu, kwa sababu wenzake nao wana masanduku yayo hayo.

Wamarekani walipitia njia hii mapema. Katika miaka ya 1930 sarafu za nusu dola za kumbukumbu zilitolewa mfululizo, nyingine kwa maadhimisho ya miji ambayo hata Wamarekani wenyewe hawakuijua. Sarafu ya kumkumbuka mvumbuzi wa njia, Daniel Boone, ilitolewa kila mwaka kuanzia 1934 hadi 1938. Katika toleo moja la 1935, zilifuliwa takriban 2,000 tu katika kila kimoja cha viwanda vya Denver na San Francisco. Wakusanyaji wengi waliambiwa zimekwisha, huku bei ikipaa mikononi mwa walanguzi. Malalamiko yalifika katika Bunge la nchi hiyo, na mwaka 1939 matoleo hayo yakasimamishwa.

Funzo hilo halikudumu. Kwa michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, zilitolewa sarafu 32 tofauti. Wanunuzi walichoka, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria kwamba kuanzia 1999 yasizidi maadhimisho mawili kwa mwaka. Nchi zinazotumia sarafu ya euro nazo zina kikomo: tangu 2012 kila nchi huruhusiwa kutoa sarafu mbili tu za kumbukumbu za euro mbili kwa mwaka.

Mkusanyaji aliyechoka haachi kukusanya. Wengi hugeukia sarafu za kale, kwa hoja kwamba hizo haziwezi kuongezwa tena na mtu yeyote. Hapo ndipo Kilwa inapoingia.

Kilwa ilikuwa miongoni mwa miji michache sana ya Afrika kusini mwa Sahara iliyofua sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya kuja kwa Wareno. Nyingi ni za shaba, ndogo, hazina mwaka wala thamani iliyoandikwa. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili una maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyochaguliwa ili mwisho wake ufanane kwa vina na jina la mtawala. Anayeshika sarafu hulazimika kuigeuza ili akamilishe kusoma. Ni ufundi ambao visanduku vya kisasa vyenye vyeti havijaukaribia.

Sarafu za Sultani Ali bin al-Hasan zimepatikana kwa wingi sana, na hakuna anayelalamika kwamba ni nyingi mno. Zilifuliwa kwa ajili ya soko. Zilikwaruzwa, zilipotea mchangani, ziliwekwa akiba na kusahauliwa. Zipo pia za al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na ambaye jina lake linahusishwa na kasri la Husuni Kubwa. Sarafu tatu za dhahabu za sultani huyo zilielezwa na wataalamu mwaka 1991.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Bahari bado inakula ufukwe, na kila inapokula hufichua kitu. Sarafu nyingi za Kilwa zinazojulikana hazikuchimbwa. Ziliokotwa juu ya ardhi.

Je, kuna ubaya gani kijana akiokota kipande cha shaba na kumuuzia mgeni? Jibu liko katika hadithi za sarafu zenyewe.

Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia aliyekuwa akilinda visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu tisa. Alizihifadhi hadi mwaka 1979 alipozipeleka zichunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje upande wa pili wa Bahari ya Hindi, na lini? Wataalamu wamebishana, na msafara wa watafiti ulikwenda huko mwaka 2013, lakini swali halijapata jibu la uhakika. Sarafu zipo, mahali hasa zilipolala na vitu vilivyolala pamoja nazo havikuandikwa siku ile.

Sasa tulinganishe na dafina ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua huko zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu kutoka nje, na dinari huandikwa mwaka. Ya mwisho kati ya hizo ilikuwa ya mwaka 1066. Kabla ya hapo, Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa wa Kilwa katika miaka ya 1960, alikuwa amemweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Ushahidi wa Mtambwe ulimrudisha nyuma hadi karne ya 11. Historia ya Kilwa ilisogea zaidi ya miaka 100 kwa sababu tu sarafu za fedha na dinari zilikutwa pamoja na watu waliojua kuandika walichokiona.

Laiti dafina hiyo ingefukuliwa na mlanguzi, dinari zingeuzwa kwa uzito wa dhahabu na zile za fedha zingetawanywa katika albamu za watu. Kila mmiliki angekuwa na sarafu nzuri, lakini tarehe ingebaki ile ya zamani.

Vivyo hivyo sarafu moja ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana katika uchimbaji wa Zimbabwe Kuu. Kwa bei ya mnada ni kitu kidogo. Kwa kuwa ilikutwa pale, ilithibitisha uhusiano wa mji huo wa bara na Kilwa katika biashara ya dhahabu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iko wazi. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni masalia yanayolindwa. Anayekigundua anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka, na kukipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Sarafu za masultani wa Kilwa zinaangukia humo zote. Hata hivyo huonekana katika minada ya ng'ambo, na mnunuzi mara nyingi haelezwi zilitoka shimo gani au ufukwe upi.

Mkusanyaji aliyechoshwa na utitiri, awe wa Dar es Salaam au wa Hamburg, anaweza kupata historia ya pwani hii bila kugusa magofu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba mwaka 1890 zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Kuanzia 1904 zikaja heller, 100 kwa rupia moja, ambazo zimetuachia neno hela tunalolitumia mpaka leo. Baadaye zikaja senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Dhahabu ya Tabora ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo, ilifuliwa vipande kama 16,000 wakati Wajerumani wamezingirwa na njia ya bahari imefungwa. Hiyo ni ghali, na bandia zake ni nyingi, hivyo mnunuzi awe macho.

Hizo zote ni za baada ya 1863. Zilipita mikononi mwa watu waliolipa kodi ya kibanda, waliouza nta na mpira, walionunua chumvi Kilwa Kivinje. Ile seti ya 1966 nayo bado inapatikana kwa bei ndogo, na ni vipande vinne tu.