Prodyuza hapigi simu? Chukua wavuvi wawili, uandike

Miezi inapita, prodyuza wa Nairobi amenyamaza, na ile "tutakupigia wiki ijayo" imegeuka kuwa salamu tu. Kama unaandika filamu ukiwa Malindi, hali hii unaijua. Na si ya kwetu pekee. Mwaka wa 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kwa siku 148. Januari 2024 Amazon ikaacha kuagiza filamu na vipindi vipya kutoka Afrika. Ila wenzetu wa Marekani wana chama cha kuwapigania. Sisi tunasota kimyakimya: mmoja anaingia boda, mwingine anauza simu, skripti inabaki kwa laptopu.

Kuuza simu si aibu, kodi ya nyumba lazima ilipwe. Shida ni kuacha kuandika ukingoja ofa. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hivyo kurasa kumi tayari ni filamu fupi, na hakuna bosi wa kukuruhusu.

Andika kitu ambacho wewe na mabeshte zako mnaweza kurekodi kwa simu. Chukua hii: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, hapo Ngomeni. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksrei angani. Wangapi walitufunza hilo shuleni? Sasa usianze kuwaza bajeti ya roketi. Weka wavuvi wawili ufuoni, mashua moja, kishindo kwa mbali. Mmoja ana deni na lazima aingie baharini leo; mwenzake hataki. Roketi hatuioni kamwe. Hiyo mnaimaliza Jumamosi moja. (Kabla hujaitumia mtu yeyote, isajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.)

Halafu lugha. Wiki zisizo na kazi ni za kutega sikio: sokoni, stendi ya matatu, hata mahakamani, maana kesi nyingi husikilizwa hadharani. Sikiza Mgiriama akibishana na mwenye duka. Huwezi kusikia "yakhe" kila sentensi, kama tunavyoandikiwa na watu waliokuja Pwani likizo mara moja. Na soko lipo: Sultana ya Citizen TV ilipoanza 2022, bara nzima ilikaa kutazama drama ya Pwani.

Tusipoandika, wataandika wengine. Watu Wote, filamu fupi ya 2017 kuhusu Waislamu waliowakinga abiria wenzao Wakristo basi liliposhambuliwa Mandera, ilikuwa mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Hamburg, Ujerumani, wakishirikiana na Wakenya. Dakika 22 hivi, safari ya basi moja, na 2018 ikawania Oscar. Sina kinyongo nao, kazi ni safi. Lakini stori hiyo ilikuwa kwenye magazeti yetu tangu Desemba 2015, na sote tuliisoma.