Pumzi, Mwili na Akili: Nafasi ya Yoga katika Tiba

Yoga ni mfumo wa mazoezi ya mwili, pumzi na akili uliokua nchini India kwa takriban miaka 2,000 au zaidi, na katika karne moja iliyopita wataalamu wa tiba wameuchunguza kwa vipimo vya maabara na vya hospitali ili kubaini iwapo unaweza kuwasaidia wagonjwa wa sonona, wasiwasi na kiwewe. Sonona ni huzuni na kukata tamaa kunakodumu kwa majuma mengi hadi kumwondolea mtu hamu ya chakula, usingizi na kazi. Wasiwasi unaohesabiwa kuwa ugonjwa ni ule usiompa mtu nafasi ya kupumzika hata pale ambapo hakuna hatari yoyote mbele yake. Na kiwewe ni jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, kama vita, ubakaji au ajali. Maradhi haya huutesa mwili sawasawa na yanavyoitesa akili, na hapo ndipo yoga inapopata nafasi yake katika tiba.

Andiko linalotegemewa zaidi katika kuueleza mfumo huu ni Yoga Sutra, mkusanyiko wa kauli fupi unaohusishwa na mwanazuoni Patanjali, ambamo yoga hupangwa katika hatua nane: miiko ya kuishi na wenzako, nidhamu ya nafsi, mikao ya mwili iitwayo asana, utawala wa pumzi uitwao pranayama, kuzituliza hisi, kuzielekeza fikra mahali pamoja, tafakuri iitwayo dhyana, na mwisho utulivu wa ndani kabisa. Kwa mpangilio huo, mikao ambayo leo huonekana zaidi magazetini na katika simu ni hatua moja tu kati ya nane, na kazi yake ni kuuandaa mwili utulie ili pumzi na fikra ziweze kufundishwa.

Safari ya yoga kuingia katika uwanja wa tiba ilianza mapema. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavala, magharibi mwa India, na kuanza kupima kwa mbinu za kisayansi mabadiliko yanayotokea mwilini wakati wa mazoezi, akichapisha matokeo yake katika jarida la kituo hicho. Katika miaka ya 1930, mwalimu Tirumalai Krishnamacharya alifundisha yoga katika kasri la Mysore, na baadaye akasisitiza kwamba zoezi ndilo linalopaswa kumfuata mtu, kwa kuzingatia umri wake, afya yake na hali ya maisha yake. Mwanawe, T. K. V. Desikachar, aliuendeleza msimamo huo katika kituo alichokianzisha mjini Chennai mwaka 1976, ilhali mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya, B. K. S. Iyengar wa Pune, alitumia mikanda, mablanketi na vipande vya mbao kuwawezesha wagonjwa na wazee kukaa katika mikao ambayo miili yao peke yake isingeimudu.

Msimamo huo ndio unaoitenganisha yoga ya tiba na darasa la kawaida la mazoezi. Katika tiba, mwalimu huanza kwa kumsikiliza mgonjwa, akajua dawa anazotumia na maradhi aliyonayo, kisha akamchagulia mazoezi machache ambayo ataweza kuyarudia nyumbani kila siku, na kuyabadilisha kadiri hali yake inavyobadilika.

Namna yoga inavyofanya kazi inaeleweka kwa kuangalia mfumo wa neva unaojiendesha, yaani ule unaoongoza moyo, tumbo na mishipa ya damu bila mtu kuuamuru. Mfumo huu una pande mbili: upande mmoja huuandaa mwili kupambana au kukimbia, ukiongeza mapigo ya moyo na kukaza misuli, na upande wa pili huurudisha mwili katika utulivu, hasa kupitia neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Mtu mwenye wasiwasi wa kudumu huishi kana kwamba upande wa kwanza haupumziki kamwe. Moyo hauamriki moja kwa moja, lakini upumuaji, ambao kwa kawaida hujiendesha, unaweza pia kuongozwa kwa hiari, na mtu anapotoa pumzi taratibu na kwa muda mrefu, neva ya vagasi huupunguza mwendo wa moyo. Hivyo pumzi humpa mgonjwa njia ya kuufikia utulivu ambao maneno ya kujiliwaza pekee hayaufikii.

Utafiti umeanza kuupima msaada huo. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliona kwamba baada ya saa moja ya yoga, kiwango cha GABA, kemikali inayotuliza shughuli za ubongo, kilipanda kwa asilimia 27 kwa watu waliozoea mazoezi hayo, ingawa waliopimwa walikuwa wachache sana. Mwaka 2014, Bessel van der Kolk na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho tiba za awali hazikukiondoa. Baada ya majuma 10 ya somo moja la yoga kwa juma, wanawake 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa wagonjwa, wakati katika kundi lililopewa mafunzo ya afya walikuwa 6 kati ya 29.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha watu wazima 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi, unaonyesha nguvu ya yoga na mpaka wake kwa pamoja. Waliopata nafuu kwa yoga walikuwa takriban asilimia 54, zaidi ya asilimia 33 ya waliopewa elimu ya kukabili msongo wa mawazo, lakini walipitwa na waliopata tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuzitambua na kuzirekebisha fikra zinazomtesa, ambao walifikia asilimia 71. Yoga, basi, ni msaidizi wa kweli wa tiba, na mgonjwa anayeacha dawa au mazungumzo na daktari wake kwa sababu ameanza yoga hujiweka hatarini.

Tahadhari nyingine ni za mwili. Mikao ya kichwa chini haiwafai wenye presha ya macho au shinikizo kubwa la damu lisilodhibitiwa. Kupumua kwa kasi kunaweza kuamsha hofu kali badala ya kuituliza. Kubana pumzi kwa muda mrefu hakuwafai wajawazito. Na tafakuri ndefu isiyo na usimamizi inaweza kumdhuru mtu mwenye historia ya kuona au kusikia yasiyokuwepo. Kwa aliyepitia kiwewe, mwalimu hapaswi kumgusa bila ridhaa yake, kwani sehemu kubwa ya kupona kwake ni kurejeshewa mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe.

Swali la dini nalo linastahili jibu la heshima, kwa kuwa yoga ilikua ndani ya mazingira ya Kihindu na waumini wengi wa Kiislamu na Kikristo huhofia kuingizwa katika ibada isiyo yao. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na ibada na maneno ya Kihindu, ilhali Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017. Utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa, vyote viwili, viliwashusha washiriki 23 hadi pumzi takriban sita kwa dakika na kuimarisha mwenendo wa mapigo ya moyo. Faida hiyo ya mwili hutokana na mwendo wa pumzi, na mwalimu mwadilifu anaweza kuifundisha bila kumtaka mwanafunzi aiache imani yake.

Katika Afrika Mashariki, ambako daktari wa magonjwa ya akili mara nyingi yuko mbali na gharama za tiba ni nzito, jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2007 Africa Yoga Project ya Nairobi imekuwa ikiwafunza vijana kuwa walimu, na mazoezi yenyewe hayadai zaidi ya jamvi na mahali patulivu. Kinachohitajika ni kuyaunganisha mafunzo hayo na zahanati, ili mhudumu wa afya amtambue mwenye sonona, ampe dawa au mazungumzo anayostahili, na wakati huohuo amkabidhi kwa mwalimu anayejua mipaka ya kazi yake. Dakika 15 za kupumua polepole kila siku, chini ya uangalizi wa namna hiyo, ni msaada ambao hata mgonjwa asiye na fedha anaweza kuupata.