Je, Wajua? "Alfa" ya marubani haina "ph"

Neno la kwanza katika alfabeti ya marubani, yaani maneno ya kutajia herufi redioni, ni Alfa, nalo huandikwa kwa "f" makusudi. Asiyezoea Kiingereza angeweza kusoma "ph" kama "p". Juliett nayo ina "t" mbili, kwa sababu Mfaransa akiona "t" moja mwishoni huimeza.

Maneno hayo 26, kuanzia Alfa hadi Zulu, yalianza kutumika kama yalivyo leo Machi 1, 1956. Kwanza yalijaribiwa kwa wasemaji wa mataifa 31. Lililotakiwa ni neno linalosikika hata redio ikikwaruza. Tarakimu nazo hazikusahauliwa: 9 hutamkwa "naina", isije ikadhaniwa ni 5.

Ndege za Tanzania husajiliwa kwa 5H, za Kenya 5Y. Redioni, H hiyo ni Hotel na Y ni Yankee.

Kwenye simu, M na N hufanana mno, B na P vilevile. Namba ya tiketi yako ina MPB? Sema Mike, Papa, Bravo. Karani hayajui maneno hayo? M ya mama, P ya paka, B ya baba. Ukitaka kujifunza alfabeti hii, anza na herufi za jina lako. Jioni moja inatosha.