King'ora bila jirani ni kelele tu

Sisi watu wa Pwani tunaofanya kazi huku Kapkatet, Kaunti ya Kericho, likizo ikifika hufunga nyumba tukarudi kwetu. Wenzangu huniuliza: king'ora gani cha wezi, kisicho na nyaya, kinafaa?

Rai yangu, nunua chenye laini ya simu na betri ya akiba. Huku umeme hukatika, na mvua ya mawe ikipiga bati, mlio peke yake hausikiki kwa jirani.

Kwanza pima mtandao pale utakapoweka mtambo, na laini iwe na salio. Sumaku ya mlango na mwenziwe zisiachane zaidi ya sentimita moja. Kifaa cha kuhisi mwendo hufuata joto la mwili. Kifunge kwenye pembe, mita mbili hivi kutoka sakafuni, kisielekee dirisha wala jiko. Badilisha nambari ya siri iliyotoka kiwandani.

Nambari ya kwanza kupigiwa isiwe yako. Ukiwa Mombasa utafanya nini? Iwe ya jirani aliyekubali kuja, na mjaribu pamoja kabla hujasafiri. Kama hujuani naye, anzia hapo, kisha ndiyo uende dukani.