Fahamu: Queen of Katwe, filamu ya sataranji kutoka ng'ambo ya ziwa

Ukiwa Magu, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Victoria kuna Kampala, Uganda, na mtaa wake duni wa Katwe. Huko Robert Katende, aliyekulia katika umaskini, aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji.

Uji huo ndio uliomvuta Phiona Mutesi, binti aliyeuza mahindi mitaani. Mwaka 2012 alishiriki Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul.

Mwongozaji Mira Nair aliigeuza safari hiyo kuwa filamu mwaka 2016. Lupita Nyong'o ameigiza mama yake Phiona, na David Oyelowo kocha Katende. Nguvu ya filamu hiyo imo katika subira ya kocha: hafikiri kwa niaba ya watoto, anawafundisha kufikiri.

Walimu wa Magu, anzeni nanyi kufundisha sataranji. Ubao mmoja na kete 32 vinatosha.