Aliyehamia Mbinga si baba peke yake

Barua za ajira na uhamisho zinapotoka, baadhi ya familia za Kiislamu kutoka Tanga, Mtwara, Kigoma na kwingineko hufunga mizigo kuelekea Mbinga. Safari si ndogo. Kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, Njombe na Songea ni zaidi ya kilomita 1,000. Na tangu Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012 na makao yake kuwekwa Mbamba Bay, wapo wanaoendelea kilomita 66 zaidi, wakiteremka milima ya Umatengo hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwalimu, muuguzi, askari, mnunuzi wa kahawa, dereva wa lori la makaa ya mawe: kila mmoja ana sababu yake ya kuja, na wengi wao wana wake na watoto.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi nchini mwetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huondokewa na hukumu za safari. Hapunguzi tena sala. Sheria imekwisha kumhesabu kuwa mkaazi. Moyo, hata hivyo, huchukua muda mrefu zaidi, na katika muda huo ndipo familia nyingi huumia kimyakimya.

Hilo si udhaifu wa imani. Muhajirina walipofika Madina, homa iliwashika. Sayyidna Abubakar na Bilal (r.a.) waliugua, na katika ugonjwa ule Bilal alitamka waziwazi shauku yake ya kuyaona tena mabonde ya Makka. Mtume (s.a.w.) hakuwakemea. Aliwaombea kwa Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Basi mama anayelia kwa kuukumbuka mtaa wake wa Tanga katika baridi ya Mbinga ya mwezi Juni na Julai asiambiwe kwamba hana subira. Aombewe dua, na apelekewe blanketi.

Aghalabu mwanamume hupata nafuu mapema. Siku ya kwanza husikia adhana, huingia msikitini, na baada ya sala hupewa mikono, huulizwa atokako na kuelekezwa nyumba ya kupanga. Kufikia Ijumaa ya pili anajulikana kwa jina. Mkewe yumo ndani na maboksi yasiyofunguliwa. Hajui sokoni anunue kwa nani, hajui zahanati iko upande gani, na hana mwanamke mwenzake wa kumuuliza. Mume akirudi na habari njema za ndugu wapya, humshangaa mkewe kwa nini hafurahi.

Tunapousifu udugu ambao Mtume (s.a.w.) aliufunga baina ya Muhajirina na Ansari, hukumbuka zaidi habari ya Saad bin Rabii, aliyemtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, naye akaomba aonyeshwe soko tu. Ni kisa kitukufu. Lakini kipo cha pili, nacho kinaingia hadi ndani ya nyumba. Salman Mfursi, mgeni aliyetoka nchi ya mbali, aliunganishwa udugu na Abu Dardai. Alipomtembelea, alimwona Ummu Dardai katika mavazi ya unyonge, akauliza kulikoni. Akafahamu kwamba mumewe amezama katika ibada hata akaisahau nyumba yake. Salman akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alimsadiki Salman. Udugu wa msikitini, kwa kipimo hicho, haujakamilika mpaka uijue hali ya mama na watoto.

Yapo pia mambo madogo ambayo mgeni hawezi kuyajua asipoambiwa. Mfano ni saa za ibada. Mbinga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya digrii nne za longitudo, na kila digrii moja ni dakika nne za mwendo wa jua. Adhuhuri ya Mbinga huingia kiasi cha robo saa baada ya ile ya Dar es Salaam. Magharibi nayo huchelewa, baina ya dakika 10 na zaidi ya 20 kwa kutegemea majira ya mwaka. Familia mpya ikifuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam itakuwa imekula kabla jua halijatua. Nakala ya ratiba ya msikiti wa mahali, ikipelekwa nyumbani kwao wiki ya kwanza, huwaokoa na tatizo hilo.

Jambo jingine ni ujirani. Wamatengo wengi ni Wakatoliki, na mwambao wa ziwa una Waanglikana wa tangu enzi za misheni ya Likoma. Familia iliyotoka mtaa uliojaa Waislamu huweza kujifungia kwa hofu. Ikumbukwe kwamba Waislamu wa mwanzo waliohama walikimbilia Habasha, kwa mfalme wa Kikristo, wakaishi kwa amani bila kuficha dini yao. Mweleze jirani kwa upole usichokula na usichokunywa, kisha mpelekee sahani ya ulicho nacho. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mgeni akiomba kufundishwa ngoro, vile vishimo ambavyo Wamatengo huvichimba kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua, atarudi na maharage, maneno machache ya Kimatengo na mtu wa kumwita usiku mtoto akishikwa na homa.

Kamati zetu za misikiti zinaweza kufanya mambo manne yasiyohitaji mchango mkubwa. Katibu aandike katika daftari jina la mgeni pamoja na idadi ya watu wa nyumba yake. Kina mama wawili wa jumuiya waende kumtembelea mkewe ndani ya wiki ya kwanza, wamwonyeshe soko, zahanati na ofisi ya mtendaji. Mwalimu wa madrasa awafuate watoto badala ya kungoja waletwe, kwani mtoto aliye Mwislamu pekee darasani humhitaji rafiki wa dini yake mapema. Na baada ya mwezi mmoja watembelewe tena, maana wiki ya kwanza mtu huwa bado na nguvu za safari. Upweke huja baadaye.

Nawe baba uliyehamishwa, usiwe Abu Dardai kabla hajanasihiwa. Kabla ya kujitolea katika kamati au kuongeza darsa za jioni, toka na mkeo, mkatambulishwe kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa. Muulize kila siku amezungumza na nani. Ikiwa jibu ni kwamba hakuzungumza na mtu, lete habari hiyo msikitini. Ni haki yake, na ni haki yetu kuijua.